Naomba ushauri: aliyemsahihisha mwenzake ndiye aliyekosea

Habari zenu, ndugu zangu. Mkuu wetu wa kitengo alimkatiza kijana mmoja kikaoni, tena kwa kejeli kidogo, akidai mwaka 1900 ulikuwa mrefu (wa siku 366) kwa kuwa unagawanyika kwa 4. Kumbe kijana alikuwa sahihi: mwaka wa mamia (unaoishia na 00) lazima ugawanyike kwa 400 ili uwe mrefu, ndiyo maana Februari ya 2000 ilikuwa na siku 29 na ya 1900 ilikuwa na 28. Nilimdokeza mkuu faraghani. Akacheka, akabadilisha mada. Sasa anamkwepa kijana, naye kijana hafungui mdomo vikaoni (hilo ndilo linaloniuma). Je, nimwombe mkuu arekebishe mbele ya walewale waliosikia, au nitamdhalilisha? Na kijana nimwambie nini kwa sasa?