Jirani anataka kupanda mahindi ya GMO, mbegu yangu ya Situka itapona?

Mkulima wa Kahe: Wakuu, nina ekari moja ya mahindi ya Situka M1, mbegu isiyo chotara, huku Kahe, Moshi, na kila msimu mbegu naitoa humo humo. Jirani tuliyepakana naye anasema masika hii anapanda GMO, yaani mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, isiyoliwa na viwavi. Chavua yake ikiingia kwangu? Na nyuki je?

Bwanashamba Tengeru: Kwanza usome mfuko. Watu wakiona punje zimepakwa dawa ya rangi, au chotara tu (mbegu ya kuchanganya mistari miwili ya mahindi), wanaita GMO. Majaribio ya mahindi ya GMO yalianza Makutupora, Dodoma, 2016, serikali ikayasitisha, madukani hayapo. Tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu.

Mama Mbegu: Chotara nayo itakuchanganyia mbegu, kwa hiyo swali liko palepale. Chavua ya mahindi ni nzito, nyingi huanguka ndani ya mita 30, ila upepo hubeba kidogo mbali zaidi. Wazalishaji wa mbegu hutenga mita 200. Ekari ni kama mita 63 kwa 63, umbali huo huna. Mpishane kwa muda, wiki 4 hivi, na mhesabu siku ya kutoa mbelewele (maua ya juu yenye chavua), si ya kupanda: ya muda mfupi ikipandwa nyuma itaikuta ya muda mrefu. Mistari ya upande wake iwe ya kula. Mbegu toa katikati, kwenye mimea isiyopungua 100, la sivyo itadhoofika. Yake ikiwa ya njano, utaona punje za njano kwenye mahindi yako meupe msimu huohuo. Zote nyeupe? Hutaona kitu.

Kihenge: Kuna vijikaratasi vya kupima. Ponda jani kwenye maji yake maalumu, chovya, subiri dakika chache. Ila kimoja husoma protini moja tu, hivyo jibu la "hakuna" halimaanishi si GMO.

Bwanashamba Tengeru: Nyuki waache kwanza. Sumu ya Bt, ile ambayo mahindi ya GMO ya kuzuia viwavi hujitengenezea, inalenga viwavi, na dawa za kupulizia hupungua. Kasheshe ni usugu, wadudu kuizoea sumu. Afrika Kusini walianza kulima mahindi ya Bt 1998. Kufikia 2006 funza wa mabua walikuwa wanayatafuna bila kufa. Sheria ilitaka asilimia 5 ya shamba iwe mahindi ya kawaida yasiyopulizwa, au 20 yakipulizwa, ili funza wasio sugu wabaki na kuzaana na wale sugu. Wengi walipuuza.

Mama Mbegu: Maana yake shamba la Situka ndilo lingekuwa kimbilio la hao funza wasio sugu. Chavua ya Bt ikiingia, hindi moja linakuwa na punje zenye sumu na zisizo nayo. Kiwavi anaonja kidogo, hafi. Hapo unafuga usugu.

Mkulima wa Kahe: Mfuko nimeuona: chotara, lebo ipo. Sasa wiki 4, nani achelewe?

Kihenge: Mwenye zamu ya mfereji. Mvua ya masika haitamsubiri mwingine.