Ndege wa kijani mwenye tumbo jekundu katika msitu wa Amani

Mgeni wa Usambara:
Ndugu wanajukwaa, juma lililopita nilipokuwa nikitembea katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, nilisikia sauti nzito ya "hu-huu, hu-huu" ikirudiwa na kupanda taratibu. Baada ya kutafuta kwa muda mrefu nilimwona ndege wa kijani king'aacho, mwenye mkia mrefu, aliyegeuza kichwa mara moja tu, kisha akaruka na kunionyesha tumbo jekundu sana. Naomba kujua ni ndege gani, na kwa nini alikuwa vigumu kuonekana ilhali amepambwa hivyo.

Mlinzi wa Miti:
Bila shaka ulimwona trogoni wa Narina, dume. Huyu hukaa wima, kimya, akiwa amekupa mgongo, na kwa kuwa mgongo wake ni wa kijani kama majani, wekundu wote unabaki upande usiouona. Ndivyo anavyowinda: husubiri bila kutikisika mpaka aone kiwavi, panzi au vunjajungu, humrukia na kumnyakua kwenye jani, kisha hurudi tawini. Trogoni wa Amerika hula matunda pia, lakini wa Afrika hutegemea wadudu, na mara chache humkamata kinyonga mdogo. Mimi humtafuta kwa masikio kwanza. Ukisubiri kuona rangi, utampita.

Msomaji wa Ndege:
Nakubaliana na Mlinzi, ila mwuliza swali atazame mkia kwa chini, kwa sababu Usambara ina trogoni wa pili, mwenye milia myembamba myeusi na myeupe chini ya mkia, ambaye hupenda zaidi misitu ya milimani na ambaye sauti yake ni kali zaidi. Wa Narina ana weupe mtupu pembeni mwa mkia unapotazamwa kwa chini. Jina hilo alilitoa msafiri Mfaransa François Levaillant, kwa heshima ya mwanamke wa Kikhoikhoi wa Afrika Kusini.

Mgeni wa Usambara:
Nashukuru sana. Mkia ulikuwa mweupe kwa chini, nakumbuka vizuri. Je, hutaga wapi?

Mlinzi wa Miti:
Katika tundu la mti, mara nyingi uliokufa au kuoza, bila kutandika chochote, na dume na jike hupokezana kuatamia. Kwa hiyo inaniuma ninapoona mti mkavu unakatwa kuni kwa hoja kwamba hauna faida tena, maana tundu la namna hiyo trogoni hawezi kulipata katika mti mchanga.