Kihoteli changu Nakuru: nimeacha makaa ya miti, wateja wananikimbia

Mama Maharagwe
Wadau, naombeni ushauri. Nina kihoteli huku Rhonda, napika githeri (mahindi na maharagwe), maharagwe, matumbo na chapati. Makaa ya miti yalikuwa yananimaliza: gunia elfu mbili mia tano, na chini yake vumbi tupu. Nikiongeza shilingi kumi kwa sahani, watu wa jua kali wanahamia kwa jirani. Nikaamua kutumia makaa ya kutengenezwa, yale ya vidonge, nipunguze gharama na misitu nayo ipumue. Kupika yanapika. Ila wateja wanapungua. Nifanyeje nisirudi nyuma?

Fundi Majiko
Vidonge hushika moto polepole na vina majivu mengi, lakini vikishika vinakaa. Hivyo ni vya maharagwe, si vya chapati. Chapati ipikie makaa ya mathenge kutoka Baringo, mti huo umevamia malisho Marigat na hakuna atakayeulilia. Maharagwe yaloweke usiku kucha, utaokoa moto mwingi. Na kama wewe ni wale wanaofunika githeri kwa nailoni, acha leo hii.

Mwalimu Mstaafu
Hongera, mama. Ukataji miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku Februari 2018, ukaruhusiwa tena 2023. Hapo katikati malori yalipita usiku hapa Njoro, na asubuhi kila mtu alijifanya hakusikia. Msitu wa Mau unaisha tukiwa tunakula.

Baba Lanet
Mimi nilichimba shimo la biogesi. Likafanya kazi vizuri, mama watoto akafurahi. Kisha kijana akahitaji karo, nikauza ng'ombe wawili. Shimo lipo hadi leo, kuku wanapanda juu yake kuota jua.

Kijana wa Shabab
Pole, mzee, kutoka huku mtaani Shabab, lakini turudi kwa mama. Chakula kinaiva, bei haijapanda. Sasa wateja wanakimbia nini? Mama, kuna kitu hujasema.

Mama Maharagwe
Labda ni mwisho wa mwezi.

Kijana wa Shabab
Mwisho wa mwezi ndipo watu wana pesa. Sema.

Mama Maharagwe
Haya. Makaa yenyewe yametokana na uchafu wa vyoo. Unakaushwa, unachomwa kwenye tanuri mpaka uwe mkaa, unachanganywa na unga wa mbao uliochomwa pia, unashikanishwa kwa molasi. Hayana harufu hata kidogo. Msichana wangu wa kazi alimropokea dereva mmoja wa tuktuk, na mnawajua hao.

Kijana wa Shabab
Kwa hiyo githeri ya jana ndiyo inapika githeri ya leo 😂😂

Fundi Majiko
Cheka, lakini kikishakuwa mkaa hakuna kijidudu kinachobaki hai. Moto uko chini, sufuria iko juu, imefunikwa. Nyama ya kuchoma tu ndiyo ningengoja watu wazoee.

Mwalimu Mstaafu
Ungewaambia tangu mwanzo. Mtu hukasirikia kufichwa kuliko kinyesi.

Mama Maharagwe
Mwalimu, ningewaambia nani angekula? Na sirudi nyuma, magunia 10 nimeshanunua kwa pesa za chama chetu cha akiba. Biogesi ya Baba Lanet ilitoka wapi, kwenye maua? Ninachouliza ni hiki: niandike ubaoni au ninyamaze mpaka wasahau?

Baba Lanet
Andika. Ila usiandike karibu na menyu.

Mpelelezi 58
Jamani, amkeni. Huyu amejiunga jana, uzi ni huu mmoja, na anajua tanuri, molasi na unga wa mbao kama aliyesomea. Mama gani wa kihoteli anaongea hivi? Hili ni tangazo.

Fundi Majiko
Makaa hayo yapo. Kampuni ya maji ya Nakuru imekuwa ikiyatengeneza kwa miaka.

Mpelelezi 58
Sijasema makaa ni ya uongo. Nimesema mama ndiye wa uongo. Alete picha ya jiko.

Mama Maharagwe
Ili uipeleke kwa wateja watano waliobaki? Niliuliza kabla ya kununua, ndiyo maana najua. Njoo saa saba ule, matumbo nakukaribisha, githeri utalipa.

Mpelelezi 58
Matumbo ya kupikwa na nini?

Kuku Bahati
Mimi hata kama mama hayupo, sijali. Nina vifaranga 300 na baridi hii ya Julai inawamaliza. Yana moshi? Na kati ya magunia 10, niuzie manne.

Fundi Majiko
Moshi ni kidogo, lakini mkaa ni mkaa, washia nje kwanza na uache dirisha wazi. Hewa yake inaua bila kunuka.

Mama Maharagwe
Manne hapana. Mawili, na uje na boda yako.