Paka jike aliyekutwa na upande mmoja tu wa kizazi

Swali
Wanajamvi, nawasalimu. Juzi nilimpeleka paka wangu wa miezi 6 kufungwa kizazi, nikitarajia kumchukua kabla ya adhuhuri. Operesheni ilichukua muda mrefu, na baadaye daktari alinieleza kwamba kizazi cha paka, ambacho kwa kawaida hugawanyika mfano wa panda ya manati, kwake kina tawi la kushoto pekee. Upande wa kulia palikuwa na uzi mwembamba wa nyama. Alipopapasa, figo ya kulia hakuiona. Je, mambo hayo mawili yanahusiana?

Jibu: daktari wa mifugo
Yanahusiana sana. Kitoto kikiwa bado tumboni mwa mama yake, mirija inayozaa kizazi na ile inayoongoza ukuaji wa figo hukua bega kwa bega, hivyo hitilafu ya upande mmoja huweza kuvikumba vyote viwili. Takriban theluthi moja ya paka wenye kasoro hii hukosa figo ya upande huohuo. Ovari (vifuko vya mayai), hata hivyo, huchipuka mahali pengine, na karibu kila mara huwapo hata pale tawi la kizazi lisipokuwapo. Muulize daktari wako kama alizitoa zote mbili. Pia omba kipimo cha ultrasaundi, kwa sababu damu peke yake huweza kuonyesha hali njema hadi sehemu kubwa ya uwezo wa figo iwe imepotea.

Jibu: mfugaji
Swali la ovari usilipuuze. Wangu alibakiziwa moja, na baada ya miezi kadhaa akaanza tena kulia usiku kucha akitafuta dume, tukalazimika kumrudisha mezani.

Muuliza swali
Nashukuru. Daktari amethibitisha kwamba alizitoa zote mbili, na kwamba alirefusha mpasuo ili aitafute ovari ya kulia (nami nilikwisha kumlaumu kimoyomoyo kwa mshono ule). Ultrasaundi imeonyesha figo ya kushoto tu, iliyo kubwa kidogo kuliko kawaida.

Jibu: daktari wa mifugo
Ukubwa huo unatokana na kubeba kazi ya mbili, na paka wa namna hii huweza kuishi umri wake wote bila shida. Maji yawepo daima, mkojo na damu vipimwe kila mwaka, na kila daktari atakayemtibu aelezwe kwamba ana figo moja kabla ya kumpa dawa ya maumivu kama meloksikamu, ambayo huweza kudhuru figo.