Kichomeo cha gesi kwenye kihenge cha mahindi: mtungi ukae wapi?

Mkulima wa Kitale: Ndugu zangu, mahindi yangu yana unyevu wa asilimia 20 na mvua haijakatika, hivyo nataka kufunga kichomeo cha gesi kwenye feni ya kihenge cha bati. Je, mtungi waweza kukaa chini ya kihenge, penye kivuli?

Fundi wa Gesi: Hapana, ndugu. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama chini ikingoja cheche; uweke mtungi wima, nje, mbali na moto, kisha upake povu la sabuni kwenye kila kiungo na uangalie mapovu. Feni itangulie kuwashwa, moto ufuate. Wakati wa kuzima, moto utangulie.

Mama Shamba: Naongeza kuwa makapi yafagiliwe kila siku, kwani msimu uliopita niliyakuta mbele ya kichomeo yameshaungua kingo. Mahindi ya mbegu yasizidi nyuzi 43 za Selisiasi. Tena asiingie mtu kihengeni moto ukiwaka: kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, haina harufu.

Mkulima wa Kitale: Ahsanteni. Nizime lini?

Fundi wa Gesi: Kipimo cha unyevu kikisoma asilimia 13.5, ila uache feni ipoze nafaka.