Jirani anasema namdhulumu paka kwa kumweka ndani ghorofani. Ni kweli?

Mama Kashata (Upanga)

Assalaam alaykum na habari zenu wote. Naishi Upanga, ghorofa ya tano, mimi na mwanangu na paka wetu Kashata. Nilimtoa soko la samaki la Feri. Alikuwa mtoto mdogo kabisa, kajikunyata chini ya meza ya mzee mmoja anayepara samaki, jicho moja limeziba kwa tongo. Mzee akaniambia, "Mchukue mama, hapa miguu ya watu itammaliza." Leo ni dume zima, rangi yake ya kashata ya karanga ndiyo iliyompa jina, macho yote mawili yanaona, na nikimwita kutoka jikoni anaitika.

Shida ni hii. Alfajiri, muadhini hajamaliza, yuko mlangoni analia. Mchana anashinda kwenye ukingo wa dirisha akiwatazama kunguru. Jirani yangu, mama ninayemheshimu sana, kaniambia namdhulumu kiumbe wa Mungu, akanikumbusha hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka. Tangu hapo moyo haujatulia. Huko chini bajaji na bodaboda hazikatiki, na mlinzi ananiambia kuna wanaotega sumu ya panya. Nimfungulie mlango? Nimrudishe Feri alikozaliwa? Naomba jibu la mtu anayewajua paka. Nampenda mno huyu.

Mlamu wa Langoni

Waalaykum salaam dada. Hadithi hiyo isomwe mpaka mwisho. Mwanamke yule alimfungia paka, hakumlisha, hakumnywesha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Wako ana sahani yake na maji yake. Tena sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, mke wa mwanawe alipomshangaa akamwambia Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Mweleze jirani kwa upole, hakukusudia ubaya.

Kwetu Lamu paka wanashinda vichochoroni na gatini wapendavyo, lakini vichochoro vyetu gari halipiti. Barabara ya Upanga ni jambo jingine.

Daktari wa Mifugo (Morogoro)

Mama Kashata, Feri usimrudishe. Paka aliyelelewa ndani tangu utotoni hajui kugombea utumbo wa samaki na madume ya pale, na pale hana tena eneo lake.

Swali langu ni moja: dirisha lina nini? Kama ni wavu wa mbu kwenye fremu ya aluminiamu, hicho si kizuizi, kucha zinauchana. Grili nayo, kichwa kikipita na mwili unapita. Akimrukia kunguru mmoja tu, imekwisha. Mwaka 1987 madaktari wa wanyama wa New York walichapisha taarifa ya paka 132 walioanguka kutoka maghorofani wakafikishwa kwao, na kama asilimia 90 walipona. Watu wakisikia hivyo husema ndiyo roho ya paka hiyo. Lakini waliofia chini hawakufikishwa hospitali wakahesabiwa, na waliopona wengi waliumia kifua, wengine walivunjika taya na miguu. Nunua wavu wa kuku, uufunge kwa waya upande wa ndani wa grili, kila dirisha na kibaraza. Hili lifanye kabla ya mengine yote.

Kilio cha alfajiri: paka huchangamka machweo na mapambazuko, ndizo saa zake za kuwinda. Usiku kabla hujalala mchezeshe kwa kamba iliyofungwa unyoya wa kuku, akimbie, aruke, achoke hasa. Ndipo umpe chakula chake kikubwa. Akishawinda na kula, hujilamba na kulala. Akilia alfajiri usiinuke kumlisha, ukiinuka umemfundisha kwamba kulia kunalipa.

Amehasiwa? Dume asiyehasiwa husikia harufu ya majike ya mtaani hata akiwa ghorofani, na hapo mchezo pekee hautoshi. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate vilevile, hata kama hatoki.

Baba Pacha (Kinondoni)

Naongezea ya ndani ya nyumba, maana wengi tunatazama barabara tu. Parasetamoli usimpe kamwe, hata nusu kidonge inaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini pia ni sumu kwake. Dagaa wachemshwe bila kitunguu wala chumvi, na asile dagaa na ugali tu, mchanganyie maini na moyo wa kuku, paka ni mla nyama.

Choo chake mimi natumia beseni na maranda, yale wanayotandikia kuku. Kinyesi kitolewe kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza. Mjamzito nyumbani asishike kazi hiyo.

Mama Kashata (Upanga)

Shikamoo daktari, na ahsanteni nyote, mmenitua mzigo. Kumbe ni wavu wa mbu tu uliokuwa unamzuia, nimesoma hapa mikono inatetemeka. Nimeshafunga vioo vyote, feni inazunguka, fundi anakuja Jumamosi. Hajahasiwa, nitampeleka. Jirani nimemsomea maneno ya ndugu wa Lamu, kasema ataleta moyo wa kuku. Daktari, tundu la wavu liwe na ukubwa gani?

Daktari wa Mifugo (Morogoro)

Marahaba. Inchi moja, usizidishe. Na mwambie fundi akunje ncha za waya, zisimchome machoni.