Khalfan alikabidhiwa kwa FBI bila utaratibu: Afrika Kusini ilikosea?

Mtoto_wa_Ilala: Wadau, Khalfan Khamis Mohamed, yule Mzanzibari wa bomu la ubalozi wa Marekani Dar (7 Agosti 1998), alidakwa Cape Town Oktoba 1999. Siku chache tu, yuko New York. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema kumkabidhi bila ahadi kwamba hatanyongwa ni kuvunja katiba. Kwa gaidi, sheria ya nini?

Kisiki: Waliokufa walipewa wakili?

Wakili_wa_Kijiweni: Hakuna aliyesema aachiwe, ndugu. Afrika Kusini walijifanya wanamrudisha kama mhamiaji haramu, kumbe wanamkabidhi. Omba ahadi kwanza, ndipo umtoe. Na hakunyongwa, alifungwa maisha.

Nai_Mitaani: Wabongo kwa makaratasi! Bomu la ubalozi wa Nairobi siku ileile, sisi tulizika 213, nyinyi Dar mlipoteza 11 tu, na bado mnamtetea.

Mtoto_wa_Ilala: Hiyo "tu" umeitoa wapi?

Bibi_Kizee: Rudia mbele ya waliofiwa, mwanangu. Tu!

Kisiki: Dar gari la maji lilikaa mbele ya lori la bomu likala mshindo. Bila hilo leo tungekuwa tunashindana kwa idadi?

Nai_Mitaani: Kwani nani anashindana? Mnasahau jengo la Ufundi House, jirani na ubalozi Nairobi, liliporomoka na watu ndani. Mjomba wangu alikuwa humo.

Bibi_Kizee: Pole. Ila futa "tu".

Wakili_wa_Kijiweni: Turudi kwenye mada. Mwangalieni Ghailani, naye Mzanzibari, aliyeshtakiwa kwa mabomu hayohayo. Alikamatwa Pakistan 2004, CIA wakamficha, 2006 wakampeleka Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani kule Cuba. Kesi ilipofika New York 2010 jaji alimkataa shahidi mkubwa, maana jina lake lilipatikana kwa kumbana Ghailani huko mafichoni. Mashtaka 284 kati ya 285 akashinda! Lile moja lililobaki ndilo lililompa maisha. Njia ya mkato ilikaribia kumwachia.

Kisiki: Wakili, hayo ya Guantánamo baadaye. Mkenya hajajibu.

Nai_Mitaani: Nimejibu. Na mbona kila mara wanatajwa Wazanzibari, nyinyi mnajifanya hamuwajui?

Mtoto_wa_Ilala: Haya, sasa umeanza na Zanzibar! Moderata!

Bibi_Kizee: Mimi ni wa Unguja, niulize mimi.

Nai_Mitaani: Shikamoo mama. Sikukusudia wewe.

Bibi_Kizee: Marahaba. "Tu" je?

Nai_Mitaani: Pole nimesema. "Tu" sifuti.